Semina iliyoishia kwenye kichwa cha utafiti: uchambuzi wa kisa kimoja cha idara ya magonjwa ya ndani

Kisa hiki ni cha mfano. Kimejengwa kwa mambo yanayojirudia katika semina za utafiti za idara za magonjwa ya ndani nchini Uganda, na hakuna hospitali, mwalimu wala mwanafunzi anayesemwa. Hesabu zimewekwa wazi ili msomaji azirudie mwenyewe kwa kikokotoo cha simu.

Kilicholetwa mezani

SHO wa mwaka wa pili, yaani daktari aliye katikati ya miaka 3 ya uzamili, analeta pendekezo lake kwenye semina ya Jumatano saa nane mchana. Hospitali ni ya rufaa na ya kufundishia, magharibi mwa nchi. Swali lake ni zuri: wagonjwa kadhaa wanaolazwa wodini hukutwa na sukari ya juu ilhali hawajawahi kuambiwa wana kisukari. Ni wangapi? Kati yao, nani ana kisukari kweli, na nani sukari yake imepandishwa tu na makali ya ugonjwa uliomleta? Na je, wenye sukari ya juu hufa zaidi ndani ya siku 30?

Mbinu alizopendekeza: sukari ya juu ni 7.8 mmol/L (140 mg/dL) au zaidi kwa glukomita (mashine ndogo ya kupima sukari kwa tone la damu), wakati wowote akiwa amelazwa. Kisukari ni HbA1c (kipimo cha damu cha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu) ya 6.5% au zaidi. Washiriki 424. Kuandikisha ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Fomu ya ridhaa iko kwa Kiingereza na lugha moja ya mkoa. Siku ya 30 mgonjwa anapigiwa simu.

Slaidi 48, muda dakika 60. Dakika 25 za kwanza zilikwenda kwenye utangulizi: kisukari duniani, kisha Afrika, kisha Afrika Mashariki, kisha Uganda, utadhani wasikilizaji ni wageni wa ugonjwa huo. Kumi na nne zikaliwa na mjadala wa kichwa cha utafiti, kama kiseme "kiwango" au "ukubwa wa tatizo". Sarufi ya Kiingereza na mtindo wa marejeo vikachukua zilizofuata. Mtakwimu, aliyekuwa na kikao kingine, aliingia dakika ya 50 na kuuliza swali moja, la idadi ya washiriki: "Umetumia fomula ya Kish na Leslie?" Jibu: "Ndiyo, Daktari." "Sawa." Mkuu wa idara akafunga: rekebisha kichwa, peleka kamati ya maadili.

Watu wakiwa wameanza kusimama, sista mkuu wa wodi aliyekuwa kiti cha nyuma akasema: "Daktari, hao mtakaokuja kuwatafuta saa tatu asubuhi, wengine tutakuwa tumeshawapeleka mochwari tangu alfajiri." Watu wakacheka kidogo. Katibu alikuwa amekwisha kufunga laptopu, na maneno hayo hayakuingia kwenye muhtasari.

Kichwa cha utafiti kinaweza kubadilishwa hata usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha tasnifu. Sarufi vivyo hivyo. Semina ya pendekezo ina kazi moja inayoizidi nyingine zote: kutafuta kosa ambalo, data zikishaanza kukusanywa, hakuna mtakwimu wala msimamizi atakayeweza kulirekebisha. Katika pendekezo hili makosa ya aina hiyo yalikuwa manne. Moja lilisemwa na sista. Matatu hayakuguswa kabisa.

Nani hayumo kwenye hesabu

Wiki ina saa 168. Kuandikisha saa 8 kwa siku 5 ni saa 40, chini ya robo. Aliyefikishwa dharura Ijumaa saa mbili usiku ataonwa na mtafiti Jumatatu asubuhi, saa 61 baadaye, kama bado yupo. Wanaokufa haraka ndani ya saa hizo ni wale waliofika hoi, na miongoni mwao ndimo ungetarajia kukuta sukari zilizoharibika, za juu na za chini. Utafiti utawahesabu waliovumilia hadi Jumatatu, kisha utauliza kwa nini vifo ni vichache.

Upande wa pili wa shimo hilohilo ni waliopona upesi na kuruhusiwa Jumapili. Wakitolewa wote wawili, wanaobaki ni wagonjwa wa katikati, na asilimia itakayochapishwa itakuwa yao peke yao ingawa kichwa cha makala kitasema "wagonjwa waliolazwa".

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Kwanza, orodha ianze kwenye kitabu cha kupokelea wagonjwa cha dharura badala ya kitandani: kila mtu mzima anayelazwa magonjwa ya ndani apewe mstari, na mbele ya jina iandikwe kama ameandikishwa, na kama hapana, kwa nini (alikufa kabla, alikataa, aliruhusiwa, hakukuwa na mwandikishaji). Pili, wauguzi wasaidizi wawili wa utafiti wagawane zamu ili kila mgonjwa afikiwe ndani ya saa 12, wikendi ikiwemo. Kama fedha haitoshi kwa wiki nzima, ni heri kuchagua kwa kura siku kadhaa za saa 24 katika kila mwezi, Jumamosi na Jumapili zikiwemo ndani ya kapu, kuliko kuchukua kila siku ya kazi mchana. Tatu, ripoti ya mwisho iwe na mchoro unaoonyesha waliopokelewa, walioachwa na sababu zake. Mkaguzi wa jarida atauomba, na hauwezi kutungwa baadaye kwa kumbukumbu.

Kuna walioachwa kwa njia nyingine. Sharti la kujua Kiingereza au lugha ya mkoa linawatoa wagonjwa kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyaka II au Kyangwali, ambako Wakongomani wengi huelewana kwa Kiswahili. Hospitali za magharibi huwapokea kila wiki. Wengine hutoka mbali na hufika wakiwa wamechelewa, kwa hiyo kuwaacha kunagusa moja kwa moja hesabu ya vifo. Fomu ya Kiswahili ni kazi ya siku chache: mtu mmoja atafsiri, wa pili asiyeiona ya awali airudishe kwa Kiingereza, wakae pamoja kulinganisha. Mabadiliko hayo yafanywe kabla ya kupeleka faili kwenye kamati ya maadili, kwa sababu kuongeza lugha baadaye ni marekebisho ya pendekezo, na marekebisho yana foleni yake.

Sukari ilipimwa lini, na mkononi kulikuwa na nini

"Wakati wowote akiwa amelazwa" ndilo kosa la pili. Mgonjwa aliyeingia amepoteza fahamu, na glukomita haiko karibu, hupewa mililita 50 za dekstrozi 50% kwa tahadhari. Hizo ni gramu 25 za sukari, sawasawa na zile zilizomo kwenye chupa ya nusu lita ya dekstrozi 5%. Ukimpima nusu saa baadaye unapima kazi ya muuguzi wa dharura. Ukimtoa damu mkono uleule wenye dripu, hali ni mbaya zaidi: 20 mmol/L inaweza kutoka kwa mtu mwenye 6. Na aliyeanzishiwa deksamethasoni, steroidi inayopandisha sukari, siku ya pili atavuka 7.8 siku ya tatu na kuandikwa "sukari ya juu ya kulazwa".

Tena, anayekaa wodini siku 14 hupimwa mara nyingi kuliko anayekaa 2, hivyo ana nafasi nyingi zaidi za kuvuka mpaka. Nani hukaa siku 14? Aliye mgonjwa zaidi. Kwa maneno hayo mawili tu, "wakati wowote", ugonjwa mkali umeshaunganishwa na sukari ya juu kabla hata data haijaonwa.

Sharti lililofaa ni hili: kipimo kimoja, cha kwanza, ndani ya saa 12 tangu kupokelewa, kidole cha mkono usio na dripu, kidole kimeoshwa kwa maji na kukaushwa (aliyemenya embe au kunywa soda ana sukari kwenye ngozi), na fomu iulize kwa ndiyo au hapana: amepata dekstrozi? Kiasi gani, saa ngapi? Steroidi? Insulini? Amekula lini? Waliopata dekstrozi kabla ya kipimo wasifutwe kimyakimya, wachambuliwe kando.

Glukomita yenyewe ina mipaka. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha mwaka 2013 kinakubali asilimia 95 ya majibu yapishane na maabara kwa hadi asilimia 15 pale sukari inapokuwa 5.6 mmol/L au zaidi. Maana yake 7.8 ya skrini inaweza kuwa 6.8 kwenye damu, na mashine ikawa bado imefaulu mtihani. Ongeza upungufu wa damu: seli nyekundu zikiwa chache, glukomita nyingi husoma juu kuliko ukweli. Katika wodi ambayo wagonjwa wenye himoglobini ya 5 si ajabu, kundi la "sukari ya juu" linaweza kujaa watu wenye upungufu wa damu, na vifo vyao vikahesabiwa kwa sukari. Kwa hiyo himoglobini ipimwe siku ileile, kila mshiriki. Kasha la vijiti liandikwe tarehe ya kufunguliwa, namba ya toleo iingie kwenye fomu, na sampuli kama 40 za mwanzo zipimwe pia maabara.

Hapo napo pana mtego. Damu ikikaa kwenye chupa ya kawaida, seli zinaendelea kula sukari, takriban asilimia 5 hadi 7 kwa saa. Sampuli ya 10 mmol/L ikisubiri saa tatu hadi mpeleka sampuli apite, itasomeka karibu na 8.3. Chupa ya floridi husaidia, lakini floridi nayo huchukua saa moja au zaidi kushika sawasawa. Salama ni barafu, na kuzungusha sampuli kwenye mashine ya kutenganisha seli ndani ya dakika 30.

HbA1c ilipitishwa bila swali, labda kwa sababu ina sifa ya kuwa kipimo cha heshima. Inategemea seli nyekundu kuishi takriban siku 120. Aliyeongezewa damu wiki iliyopita ana seli za mtu mwingine. Upungufu wa madini ya chuma huipandisha. Seli zinazovunjika upesi huishusha. Chembe ya kurithi ya seli mundu husumbua baadhi ya mashine, na nchini Uganda uchunguzi wa kitaifa wa watoto wachanga uliochapishwa 2016 uliwakuta asilimia 13.3 wakibeba chembe hiyo. Wanaotumia DTG nao wanahitaji sanduku lao kwenye fomu: madaktari wa Kampala waliripoti mwaka 2020 sukari kupanda kwa baadhi ya wagonjwa waliobadilishiwa dawa hiyo ya VVU.

Jibu la swali la "kisukari au makali ya ugonjwa?" hupatikana vizuri zaidi baada ya mtu kupona: sukari ya kufunga, wiki ya 6 hadi ya 8. Ikiwa 7.0 mmol/L au zaidi, na ikarudi hivyo kipimo cha pili, huyo ana kisukari.

Namba 385 na jinsi inavyotembea

Fomula ya Kish na Leslie, kama inavyoandikwa kwenye tasnifu zetu, ni Z² × p × q ÷ d²: Z ni 1.96, p ni kiwango kinachotarajiwa, q ni 1 − p, na d ni kosa linalokubalika. Weka p ya 0.5 na d ya 0.05, unapata 384.16, yaani 385. Namba hii imezoeleka kiasi kwamba wengine huiandika bila kukokotoa. SHO aliongeza asilimia 10 ya watakaopotea kwa kuzidisha: 385 × 1.1 = 424. Wakipotea kweli asilimia 10 ya 424, wanabaki 382. Njia sahihi ni kugawa: 385 ÷ 0.9 = 428. Tofauti ni watu wanne, na mtakwimu yeyote angeiona kwa sekunde, kama angekuwepo.

Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba 385 inajibu lengo la kwanza tu, la "ni wangapi". Lengo la vifo ni ulinganisho wa makundi mawili na lina hesabu yake. Tuseme wenye sukari ya kawaida hufa 20%, wenye sukari ya juu 30%, na wenye sukari ya juu ni robo ya wote. Ili uione tofauti hiyo kwa uwezo wa 80% (nafasi ya kuiona tofauti iliyopo kweli) na kiwango cha 0.05 (nafasi ya kuona tofauti isiyokuwepo), unahitaji takriban 207 wenye sukari ya juu na 621 wasio nayo: jumla 828. Kwa washiriki 428 utakuwa na 107 dhidi ya 321, na tofauti ndogo kabisa utakayoiona kwa uwezo uleule ni kutoka 20% hadi 34%. Chini ya hapo, utafiti utaandika "hakuna uhusiano" wakati ukweli ni kwamba haukuwa na macho ya kuuona.

Watu hapa hutaja tafiti ndogo zilizotikisa dunia. COAT, iliyofanyika Kampala, Mbarara na Cape Town na kuchapishwa 2014, ilisimamishwa mapema ikiwa na wagonjwa 177 wa homa ya uti wa mgongo ya kriptokoka. Lakini tofauti yake ilikuwa ya pointi 15: vifo 45% kwa walioanza ARV mapema, 30% kwa waliosubiri wiki tano. Tena wagonjwa waligawiwa kwa kura. Pendekezo letu halina kura na halina tofauti ya ukubwa huo.

Sukari inaua, au inashuhudia?

Hili ndilo la nne. Mgonjwa mwenye sepsisi kali (maambukizi yaliyouzidi mwili) hutoa homoni za kotisoli na adrenalini, sukari inapanda. Mgonjwa huyohuyo ndiye anayekufa. Bila kupima makali ya ugonjwa, uhusiano utakaopatikana ni wa lazima na haufundishi kitu. Historia ya jaribio la NICE-SUGAR, 2009, wagonjwa 6,104 wa vyumba vya uangalizi maalumu, inatosha kuwatuliza wenye haraka: waliobanwa sukari hadi 4.5–6.0 mmol/L walikufa 27.5% ndani ya siku 90, dhidi ya 24.9% ya walioachiwa hadi 10. Kilichoambatana na kifo si lazima kiwe ndicho cha kupigwa insulini.

Kipimo cha makali kinachowezekana wodini kipo. Alama za UVA, zilizochapishwa 2017 kutokana na wagonjwa wa hospitali za nchi kadhaa za Afrika, Uganda ikiwemo, hazidai maabara ya kifahari: joto, mapigo, pumzi, presha, oksijeni ya kidole, fahamu na hali ya VVU. Muuguzi mzoefu humaliza kwa dakika tano. Lakini zichukuliwe saa ileile ya sukari ya kwanza. Makali ya siku ya tatu hayaelezi sukari ya siku ya kwanza, na wala hakuna faili litakalokupa idadi ya pumzi ya mgonjwa wa mwezi uliopita, maana karibu kila faili limeandikwa 20.

Ridhaa na simu ya siku ya 30

Kwa ufupi, maana haya kamati ya maadili itayakagua yenyewe. Mgonjwa asiye na fahamu zake ridhaa hutolewa na ndugu anayemuuguza, kisha yeye mwenyewe aulizwe upya akili ikirudi. Pendekezo liliruka hatua ya pili. Namba za simu zichukuliwe tatu: yake, ya anayemuuguza, na ya jirani au mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), ila hiyo ya tatu kwa idhini yake ya wazi, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inahusika na kwa kuwa hakuna apendaye mwenyekiti ajue alilazwa kwa nini. Zijaribiwe kwa kupigwa pale pale wodini. Anayepiga siku ya 30 aanze kwa kujitambulisha na salamu, kisha "mgonjwa wetu anaendeleaje?" Swali la "bado yupo?" limewahi kukata simu nyingi. Akiambiwa amefariki, atoe pole, aulize tarehe, aishie hapo.

Semina ya pili

Pendekezo lilirudishwa mezani baada ya msimamizi kusoma upya na kusimamisha faili lisiende kwa kamati ya maadili. Safari hii karatasi ya kurasa mbili ilitumwa kwa wote Ijumaa iliyotangulia: malengo, nani anaingia, nini kinapimwa na lini, hesabu ya sampuli kwa kila lengo. Slaidi 12. Dakika 15 za kuwasilisha, 35 za maswali, 10 za kuandika maamuzi kila mtu akiwa bado ameketi. Utaratibu wa maswali ulipinduliwa: sista wa wodi na mtu wa maabara kwanza, mtakwimu wa pili, SHO wenzake wa tatu, maprofesa mwisho. Ni mpangilio unaokera baadhi ya wakubwa, na tunauunga mkono kwa nguvu zote, kwa sababu profesa akishasema, SHO wa mwaka wa kwanza hafungui kinywa. Masahihisho ya lugha yalikabidhiwa kwa maandishi, pembeni.

Lengo kuu likawa moja: kiwango cha sukari ya juu kwenye kipimo cha kwanza. Kwa p ya 0.25, iliyotolewa kwenye rejista ya wodi badala ya kujificha nyuma ya 0.5, sampuli ni 289, na 322 baada ya kufidia watakaopotea. Vifo vya siku 30 vitaripotiwa kwa kila kundi pamoja na mipaka ya uhakika, bila kudai ulinganisho. SHO wa mwaka unaofuata ataendelea na fomu ileile hadi kufikia 828, jambo lililoandikwa sasa kwenye pendekezo na kwenye fomu ya ridhaa, kwa sababu kuunganisha data bila kuwa mgonjwa ameridhia hakukubaliki baadaye.

Muhtasari ulikuwa jedwali la safu nne: hoja, uamuzi, mhusika, tarehe. Mistari tisa. Ulitumwa jioni hiyohiyo.

Jambo moja halikuafikiwa. Msimamizi wa pili anataka HbA1c kwa wote 322. Mtakwimu na mtu wa maabara wanataka ifanywe kwa takriban 80 watakaovuka 7.8 tu, na fedha itakayobaki ilipe nauli ya kurudi kwa kipimo cha kufunga. Msimamizi ana hoja: bila HbA1c kwa waliobaki, kisukari kilichojificha chini ya 7.8 hakitaonekana. Upande wa pili nao una hoja, kwa kuwa anayetoka Kyegegwa kwa taksi na boda hatarudi wiki ya 6 kwa nauli yake, na wasiporudi swali la pili la utafiti linabaki bila jibu. SHO amepewa wiki mbili kuleta bajeti mbili, zikiwa na bei halisi za maabara na nauli kwa kila wilaya.